Verkhoyansk: Mji Uliosimama Juu ya Barafu

Mtu asomaye habari za Urusi husikia kwanza majina ya miji mikubwa, kama Moscow na Saint Petersburg, yenye majumba marefu na watu mamilioni. Lakini nchi haijulikani kwa miji yake mikubwa peke yake. Mtu atakaye kuijua nchi vema hana budi kutazama na miji yake midogo pia, aone jinsi watu wanavyotawaliwa, wanavyopata riziki, na wanavyopatana na hewa ya mahali pao. Basi katika somo hili tutautazama mji mmoja mdogo kabisa wa Urusi, jina lake Verkhoyansk. Watu wake ni wachache kuliko watu wa vijiji vingi. Walakini jina lake limeandikwa katika vitabu vya elimu ya dunia nzima, kwa sababu ya baridi yake. Na katika miaka ya karibuni umeandikwa tena, safari hii kwa sababu ya joto.

MAHALI PAKE

Urusi ni nchi iliyo kubwa kuliko nchi zote za dunia. Yaanzia Ulaya, yaenea kuelekea mashariki hata kufika Bahari ya Pasifiki. Sehemu iliyo mashariki ya Milima ya Ural huitwa Siberia. Katika upande wa kaskazini-mashariki pana Jamhuri ya Sakha, ambayo wengine huiita Yakutia. Jamhuri hii ni sehemu moja tu ya Urusi, lakini upana wake wapita kilomita za mraba milioni 3, na katika upana huo wote wamo watu karibu milioni 1 tu. Mji wake mkuu ni Yakutsk.

Verkhoyansk uko kaskazini ya Yakutsk, mbali kiasi cha kilomita 675 kwa safari ya ndege. Katikati pamesimama safu ndefu ya milima iitwayo Milima ya Verkhoyansk. Mji wenyewe umo bondeni, kando ya mto Yana, ambao urefu wake ni kilomita 872, nao hutelemka kwenda kaskazini hata kumwaga maji yake katika Bahari ya Laptev, iliyo sehemu ya Bahari ya Aktiki. Jina la mji latokana na mto huo: maana yake ni "mahali pa Yana ya juu".

Mji huu umevuka ile duara iliyochorwa katika ramani na kuitwa Duara ya Aktiki. Sisi tulio karibu na Ikweta huona mchana na usiku kuwa karibu sawa mwaka mzima. Huko sivyo. Kwa siku chache zilizo karibu na tarehe 22 Desemba jua halichomozi kamwe. Huonekana nuru hafifu tu wakati wa adhuhuri, kisha giza hurudi. Bali tangu mwisho wa Mei hata katikati ya Julai jua halitui. Usiku wa manane mtu aweza kusoma kitabu nje pasipo taa.

ASILI YAKE

Zamani mahali pale palikuwa na Wayakuti, ambao wao wenyewe hujiita Wasakha. Lugha yao ni ndugu ya lugha za Kituruki. Walifuga farasi na ng'ombe, wakavua samaki na kuwinda. Pamoja nao walikuwako Waeveni, wafugao wanyama wa jamii ya kulungu, wenye pembe za matawi, ambao huwavuta watu na mizigo juu ya theluji.

Katika karne ya 17 askari wapanda farasi wa mfalme wa Urusi, walioitwa Wakozaki, walikuwa wakisonga mbele mashariki kutafuta ngozi za manyoya. Katika misitu ya Siberia yuko mnyama mdogo, umbo lake mfano wa nguchiro, ambaye manyoya yake ni laini na mazito. Na matajiri wa Ulaya walinunua ngozi zake kwa bei kubwa sana. Mwaka 1638 Wakozaki walijenga kambi yenye boma katika nchi ya Yana ya juu. Wenyeji wakalazimishwa kulipa kodi ya ngozi kila mwaka. Mwaka 1775 kambi ile ilihamishwa kiasi cha kilomita 90, ikawekwa ukingo wa kushoto wa mto, mahali ulipo mji sasa, ili kazi ya kukusanya kodi iwe nyepesi. Hivyo twaona ya kuwa mji huu haukuanzishwa kwa ajili ya soko, wala kwa ajili ya rutuba ya nchi. Ulianzishwa kwa ajili ya kodi.

Mwaka 1817 mahali pale pakapewa cheo cha mji.

UTAWALA WAKE

Wakati wa wafalme, Verkhoyansk ulikuwa makao makuu ya wilaya kubwa mno. Mkubwa wa wilaya aliitwa kwa Kirusi ispravnik, naye alishika kazi za polisi, kodi na amri zote za serikali. Amri hizo zilitoka mbali, nazo zilipita mtoni na milimani kwa magari yasiyo na magurudumu, yatelezayo juu ya theluji. Kwa hiyo yule mkubwa wa wilaya alikuwa kama serikali yenyewe machoni pa watu. Akiwa mwema, watu walipumua. Akiwa mwovu, aliyeonewa hakuwa na mtu wa karibu wa kumshitakia.

Umbali huo ndio ulioifanya serikali kuutumia mji kwa kazi nyingine. Tangu miaka ya 1860 hata mwaka 1917 watu waliompinga mfalme walipelekwa Verkhoyansk kwa adhabu. Hawakuhitaji kufungwa kwa minyororo wala kuzungushiwa ukuta, kwa maana baridi na njia ndefu zilitosha kuwa bawabu.

Mmoja wao alikuwa Ivan Khudyakov, kijana mwenye elimu nyingi, aliyefika mwaka 1867. Hakukaa bure akilia hali yake. Alijifunza Kiyakuti, akasikiliza hadithi, mithali na vitendawili vya wenyeji, akaviandika. Tena aliandika maelezo ya wilaya nzima: watu wake, kazi zao na desturi zao. Lakini upweke na taabu vilimharibu akili, akafa katika mji wa Irkutsk mwaka 1876, wala hakuiona kazi yake ikipigwa chapa. Zile hadithi alizokusanya zilitolewa mwaka 1890. Na yale maelezo ya wilaya yalitolewa mwaka 1969, baada ya miaka 90 na zaidi tangu kufa kwake. Mwingine alikuwa Mpolandi, Wacław Sieroszewski, aliyeishi na Wayakuti miaka mingi, na mwaka 1896 akatoa kitabu kikubwa juu yao. Basi wale waliotumwa huko ili wasahauliwe ndio waliofanya nchi ile ijulikane.

Nalo Kanisa lilikuwa na sehemu yake katika kuiheshimu lugha ya wenyeji. Askofu Innocent, aliyekuwa mtumishi wa Injili katika Alaska kabla ya kuja Yakutsk, alisimamia kazi ya kuyafasiri Maandiko na sala kwa Kiyakuti. Na mwaka 1859 ibada ikasomwa kwa lugha hiyo katika kanisa kuu la Yakutsk kwa mara ya kwanza.

Siku hizi utawala umepangwa namna nyingine. Urusi imegawanyika katika majimbo na jamhuri, na Jamhuri ya Sakha imegawanyika katika wilaya, ambazo kwa lugha ya huko huitwa ulus. Wilaya ya Verkhoyansk ina upana wa kilomita za mraba 134,100, yaani yaipita nchi ya Malawi. Lakini makao ya wilaya hayako tena katika mji wenyewe. Yamehamia Batagay, mahali palipo chini zaidi ya mto huo huo, palipokua kwa ajili ya kazi ya kuchimba bati. Hivyo wilaya yaitwa kwa jina la Verkhoyansk, bali mambo yake yaamuliwa Batagay. Verkhoyansk umebaki na mkuu wake na baraza lake, washughulikao na mambo ya mji: barabara, nyumba, kuni na makaa ya kupashia joto.

WATU WAKE

Watu walipohesabiwa mwaka 2002, mji ulikuwa na watu 1,434. Walipohesabiwa tena mwaka 2010, walikuwa 1,311. Kwa desturi ya sheria za Urusi mahali hapaitwi mji ila pana watu wasiopungua 12,000. Kwa hesabu hiyo Verkhoyansk ungekuwa kijiji tu. Lakini cheo kile ilichopewa mwaka 1817 hakikuondolewa, nao wahesabiwa kuwa mmoja wa miji iliyo midogo kabisa katika Urusi yote.

Sababu ya watu kupungua si ngumu kuifahamu. Vijana waendao Yakutsk kwa masomo huona huko kazi nyingi na maisha mepesi zaidi, na wengine hawarudi. Wanaobaki huwa wafugaji, wawindaji na wavuvi, au walimu, waganga, na watumishi wa serikali.

Mali ya wenyeji ni farasi wao. Farasi wa Kiyakuti ni mfupi, mnene, mwenye manyoya marefu yaliyosongamana. Hulala nje majira yote ya baridi, wala hana zizi. Huikwangua theluji kwa kwato zake hata akafikia majani makavu yaliyo chini, akala. Wako pia ng'ombe wa Kiyakuti, wadogo kwa kimo, wavumilivu wa baridi; lakini hao huwekwa ndani ya mazizi yaliyopakwa samadi ili upepo usipenye, na kulishwa nyasi zilizokatwa wakati wa joto. Kwa hiyo yale majuma machache ya majira ya joto si ya kupumzika hata kidogo. Mtu asiyekata nyasi mwezi wa Julai atamzika ng'ombe wake kabla ya Aprili.

BARIDI YAKE

Sasa tuje kwenye jambo lililoutangaza mji huu. Katika kipimo cha joto, maji huganda kwenye digrii 0 na huchemka kwenye digrii 100. Baridi ikizidi kuganda kwa maji, huhesabiwa chini ya sifuri. Wastani wa mwezi wa Januari huko Verkhoyansk ni kama digrii 45 chini ya sifuri. Na tarehe 5 na 7 Februari 1892 kilipimwa kiasi cha digrii 67.8 chini ya sifuri. Kijiji cha Oymyakon, kilicho katika jamhuri hiyo hiyo, kilipimwa digrii 67.7 chini ya sifuri tarehe 6 Februari 1933. Tangu hapo mahali hapa pawili hushindana, kila pamoja pakidai kuitwa kilele cha baridi. Ni kweli ya kuwa juu ya barafu ya Greenland mashine ilipima digrii 69.6 chini ya sifuri tarehe 22 Desemba 1991. Lakini pale hapana mji wala kijiji. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, mahali wanapokaa watu daima, hapana palipopimwa baridi kupita hapa pawili.

Mtu ataweza kuuliza: Kwa nini baridi izidi hapa, wala si kwenye ncha yenyewe ya dunia? Sababu ni tatu. Ya kwanza, bahari iko mbali, na milima yakinga. Maji ya bahari hushika joto kwa muda mrefu, na nchi zilizo karibu nayo hupata faida, Verkhoyansk haupati. Ya pili, majira ya baridi mbingu ya huko huwa nyeupe, haina mawingu wala upepo. Mawingu ni kama blanketi juu ya nchi. Yasipokuwapo, joto la ardhi hupaa juu na kupotea, na jua lililo hafifu halilirudishi. Ya tatu ni bonde. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, nayo hutelemka kutoka milimani na kutuama bondeni kama maji yatuamavyo katika bakuli. Ndiyo maana katika siku za baridi kali mtu apandaye kilima hukuta joto lililozidi kidogo lile lililoko mjini.

Baridi ya namna hiyo hubadili kila jambo. Zebaki iliyo ndani ya kipimo cha joto huganda ikifika karibu digrii 39 chini ya sifuri, ikawa ngumu kama risasi. Kwa hiyo vipimo vya huko hutiwa pombe kali badala ya zebaki. Mvuke utokao kinywani hugeuka kuwa vumbi la barafu mara moja, nao husikika ukitoa mlio mwembamba karibu na sikio. Chuma kikishikwa kwa mkono mtupu hung'ang'ania ngozi. Motokaa ikizimwa nje hushindwa kuwaka tena, kwa hiyo wenye motokaa huziweka mahali penye moto, au huziacha zikinguruma.

Lakini mtu asidhani ya kuwa wenyeji hukaa wakitetemeka. Wameijua baridi, na kuijua ndiko kuishinda. Huvaa viatu vya ngozi ya miguu ya kulungu au farasi, na kofia za manyoya. Dirisha moja hutiwa vioo viwili au vitatu, kimoja nyuma ya kingine. Watoto wadogo huruhusiwa kukaa nyumbani baridi ikipita kiasi kilichowekwa. Bali wanafunzi wakubwa huendelea kwenda shule hata baridi ikipita digrii 45 chini ya sifuri.

Tena baridi imekuwa mtumishi wao. Mto ukiisha kuganda mnamo Oktoba, watu huenda na misumeno, hukata vipande vya barafu safi kama matofali ya kioo, na kuvipanga uani. Na kila siku huingiza kipande kimoja ndani kiyeyuke, wakapata maji ya kunywa. Nyama na samaki hawahitaji chumvi wala moshi, kwa maana hukaa nje miezi mingi wasioze. Samaki aliyeganda hukatwa vipande vyembamba na kuliwa vivyo hivyo. Hata barabara ni zawadi ya baridi. Wakati wa joto nchi ile huwa matope na vinamasi; majira ya baridi mto na vinamasi huwa vigumu kama mwamba, na magari makubwa ya mizigo hupita juu yake. Mahali pengi watu hungoja mvua ikome ili njia ifunguke. Huko hungoja baridi ikaze.

ARDHI ILIYOGANDA

Yako mambo yasiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo makubwa. Ardhi ya nchi ile imeganda tangu zamani za kale. Majira ya joto huyeyuka juu tu, kiasi cha kuota majani na miti. Chini yake udongo, mchanga na barafu vimeshikamana kuwa kitu kimoja kigumu.

Mfanya biashara mmoja wa Yakutsk, Fyodor Shergin, alitaka kisima cha maji uani mwake. Akaanza kuchimba mwaka 1828. Wachimbaji wakaendelea mwaka baada ya mwaka hata mwaka 1837, wakafika kina cha mita 116 na zaidi. Na huko chini nako ardhi ilikuwa imeganda, maji hayakuonekana. Shergin hakupata kisima, lakini wataalamu walipata elimu: mwaka 1844 Alexander von Middendorff alitelemsha vipimo vyake katika shimo lile, akawahakikishia watu wa Ulaya jambo ambalo wengi walikuwa hawalisadiki.

Basi nyumba za nchi ile zimesimama juu ya ardhi iliyoganda. Ikiendelea kuganda, ni msingi imara. Lakini nyumba yenyewe ina moto ndani. Na sakafu ikiipasha ardhi joto, barafu huyeyuka, udongo hugeuka tope, na nyumba huzama upande mmoja. Kwa hiyo wajenzi wa miji ya Yakutia huzamisha nguzo ndefu ndani ya ardhi iliyoganda, wakaiweka nyumba juu ya nguzo, na kuacha nafasi chini yake ili upepo wa baridi upite na kuilinda barafu. Twaona hapa jambo la ajabu: watu wa nchi ya baridi kupita zote hufanya bidii baridi isipungue chini ya nyumba zao.

JOTO LA MWAKA 2020

Majira ya joto ya Verkhoyansk ni mafupi, lakini joto lake si dogo. Wastani wa Julai ni digrii 16 hivi, na ziko siku zipitazo 30. Ile hewa iliyo mbali na bahari hupoa upesi, na vivyo hivyo hupata joto upesi.

Walakini mwaka 2020 mambo yalizidi. Tangu Januari Siberia ilikuwa na joto lisilo la kawaida. Tarehe 20 Juni kituo cha kupimia hewa cha Verkhoyansk kilipima digrii 38.0. Joto la mwili wa mtu mwenye afya ni kama digrii 37. Basi siku ile hewa ya mji uliovuka Duara ya Aktiki ilikuwa na joto kupita damu ya mtu. Shirika la Hali ya Hewa la Dunia lilichunguza habari ile, na mwaka 2021 likaithibitisha kuwa ndilo joto kubwa kupita yote yaliyopata kupimwa kaskazini ya duara hiyo. Tangu baridi ya mwaka 1892 hata joto la mwaka 2020 ni tofauti ya digrii 105 na zaidi. Tofauti hiyo yaipita ile iliyoko kati ya maji yagandayo na maji yachemkayo.

Wataalamu husema ya kuwa nchi za Aktiki zazidi kupata joto upesi kuliko sehemu nyingine za dunia, na sababu kubwa ni moshi wa makaa, mafuta na gesi vinavyochomwa na wanadamu. Joto likizidi, ardhi iliyoganda yaanza kulegea. Karibu na Batagay twaweza kuona mfano wake. Katika miaka ya 1960 miti ilikatwa mahali fulani kwenye mteremko. Kivuli kikaondoka, jua likaipiga ardhi, barafu ikaanza kuyeyuka. Udongo ukaporomoka, na poromoko likafunua barafu nyingine, nayo ikayeyuka. Sasa pana shimo kubwa liitwalo Batagaika, urefu wake kama kilomita moja, lenye kuta ndefu kama majumba ya ghorofa nyingi, nalo lazidi kupanuka kila mwaka. Katika kuta zake yaonekana matabaka ya udongo uliokaa gizani tangu miaka laki kadhaa, pamoja na mifupa ya wanyama wa zamani.

Jambo hili si la Verkhoyansk peke yake. Ndani ya ardhi ile mna mabaki mengi ya majani na miti ambayo hayajaoza kwa sababu yameganda. Yakiyeyuka yataoza, na yakioza yatatoa hewa ile ile iongezayo joto la dunia. Dunia haina paa la kuzigawa nchi. Hewa ya Siberia na hewa yetu ni moja.

MWISHO

Tumeuona mji mdogo uliojengwa kwa ajili ya kodi, ukatumiwa kwa ajili ya adhabu, ukapoteza makao ya wilaya, na watu wake wakapungua, wala haukufa. Kwa miaka mamia wenyeji wake walijifunza tabia za baridi, wakaigeuza kuwa ghala la chakula, chombo cha maji, barabara, na msingi wa nyumba. Watu wa mbali walipousikia waliwahurumia kwa ajili ya baridi. Lakini leo mwenye nyumba wa nchi ile ajuaye vema mambo ya kwao haiogopi Januari. Yeye huutazama Juni, kisha huinama akaangalia nguzo za nyumba yake, kama zingali zimesimama sawasawa.

MASWALI

1. Kwa nini kambi ya Verkhoyansk ilihamishwa mwaka 1775?
2. Makao ya wilaya ya Verkhoyansk yako wapi siku hizi?
3. Taja sababu tatu zinazozidisha baridi ya mji huu.
4. Kwa nini zebaki haifai katika vipimo vya joto vya huko?
5. Eleza jinsi nyumba zinavyojengwa juu ya ardhi iliyoganda, na sababu yake.
6. Ivan Khudyakov alifanya kazi gani alipokuwa katika adhabu, nayo ilikuwa na faida gani?
7. Shimo la Batagaika lilianzaje? Joto la ardhi ya mbali vile latuhusu nini sisi?